Chumvi Iliyotiwa Mchanga

Zamani kanga hakuwa na doa hata moja jeupe. Alikuwa na rangi ya masizi toka shingoni hadi mkiani, na wala hakuona haya kwa hilo. Madoa aliyapata siku moja tu, jua likiwa kali, na sababu yake ilikuwa chumvi. Kama una njaa, nenda ukale kwanza ndipo urudi kusikiliza, maana mimi nikianza habari za chumvi sinyamazi.

Mvua ilikuwa imegoma mwaka mzima katika nyika ya Kiumbizi. Nyasi zilikauka mpaka ukizikanyaga zinalia. Mito ilibaki mchanga mtupu. Kisima kilikuwa kimoja, na Tembo alisimama juu yake akigawa maji: kila ukoo kata moja kwa siku, na hakuna kuongezewa hata ulie vipi.

Simba, ambaye ndiye mfalme, akaitisha baraza. Simba alipenda sana mabaraza, kwa kuwa kwenye baraza wote humtazama yeye.

"Tuweke akiba," akanguruma. "Kila ukoo ulete ulicho nacho. Mtama wa kupanda mvua ikirudi. Mafuta ya ufuta ya kupaka ngozi zinazopasuka. Na chumvi ya kulamba. Vyote vikae kwenye ghala moja, pale pangoni."

Vikaletwa. Chumvi ndiyo iliyosumbua, maana ilitoka Bonde la Magadi, mwendo wa siku tatu kwenda na siku tatu kurudi. Pundamilia waliokwenda kuibeba walirudi midomo imepasuka na kwato zimelika. Lakini bila chumvi hiyo akina mama waliokuwa wakinyonyesha walikauka maziwa. Ikawa kila asubuhi wanyama wanapanga foleni mlangoni mwa ghala, kila mmoja analamba mara moja, anaondoka akitikisa masikio kwa raha.

Sasa, mlinzi wa ghala awe nani? Nyani akajitolea, wote wakaangua kicheko. Kwale akajitolea, akaambiwa mtama ataumaliza kabla ya jua kuchwa. Mwishowe akasimama Fisi. Akajifuta udenda, akasema kwa sauti ya unyenyekevu:

"Mimi mtama sili. Mafuta ya ufuta yananichefua. Chumvi silambi, mimi na mifupa yangu tunatosha. Nipeni ghala. Humo niibe nini?"

"Kweli," akasema Simba. "Aibe nini?"

Wakampigia makofi. Sungura peke yake hakupiga, alikuwa akilitazama tumbo la Fisi. Fisi hali mtama, sawa. Lakini wanaokula mtama anawala! Ukimwaga mtama mlangoni kwako, kwale na panya watakuja wenyewe kwa miguu yao, na kazi yako itakuwa kufungua mdomo tu. Na nyama ukiipaka chumvi haiozi, unakula leo, unakula kesho, unakula mtondo. Fisi alikuwa ameyapanga haya yote kabla hajasimama.

Kilichomfungulia njia ni maringo ya Simba. Mfalme huyu alikuwa na amri moja aliyorithi kwa babu yake: mfalme haonji kilichochanganyika. Nyama ikidondoka mavumbini, hali. Maji yakiingia jani, hanywi. Na kwa kuwa mfalme hali, basi raia nao wasile. Kila kilichochanganyika kilitupwa katika shimo la korongoni, nyuma ya miamba. Na aliyeishi nyuma ya miamba, hatua chache kutoka shimoni, alikuwa nani? Ndiyo, huyo huyo unayemfikiria.

Haikupita wiki, Fisi akaja mbio barazani akijipiga kifua.

"Mtukufu, msiba! Mtama umeingiwa na makapi na kokoto! Sijui ni upepo, sijui ni nini!"

"Umechanganyika?"

"Umechanganyika vibaya sana, Mtukufu. Hata kuutazama naona uchungu."

"Utupwe," akasema Simba, akigeuza uso kwa kinyaa.

"Nitautupa mwenyewe," akasema Fisi. "Sitaki kuwasumbua wenzangu."

Wiki ya pili akaja tena. Mafuta ya ufuta yameingiwa na maji. Yakatupwa, na Fisi akayabeba mwenyewe, mtungi baada ya mtungi, akipiga mluzi. Siku hizo kwale walianza kupungua upande wa korongoni. Fisi naye akaanza kunenepa, mashavu yakamjaa.

"Mjomba Fisi," akamwuliza Sungura, "katika njaa hii unanenepa kwa nini?"

"Ni majonzi," akajibu Fisi. "Mimi nikiwa na majonzi huvimba. Na mimi si mjomba wako!"

Wiki ya tatu ikawa zamu ya chumvi.

Asubuhi hiyo wanyama walipanga foleni kama kawaida. Wa kwanza kulamba alikuwa Nyumbu. Alilamba, akatafuna, na meno yake yakalia kwa mchanga mpaka wa mwisho katika foleni akasikia. Baraza likaitishwa pale pale. Akina mama walikuwa wakilia waziwazi, na pundamilia walionyesha kwato zao kwa hasira. Ajali tatu katika wiki tatu zilikuwa nyingi hata kwa Simba, ambaye si mwepesi wa hesabu.

"Nani ametia mchanga katika chumvi?" akanguruma.

Fisi akainamisha kichwa. "Mtukufu, mimi sipendi kusemasema wenzangu. Lakini nauliza tu. Hapa nyikani ni nani ambaye kazi yake tangu kuche mpaka kuchwe ni kuchakura mchanga?"

Wote wakageuka kumtazama Kanga.

Kanga alikuwa amesimama pembeni na vifaranga wake kumi na mmoja. Mguu wake mmoja ulikuwa hewani, katikati ya kuchakura. Akaushusha polepole.

"Mimi?" akasema. "Mimi nawatafutia watoto mchwa!"

"Mmesikia?" Fisi akaruka. "Amekiri kuchakura!"

"Nimekiri kuchakura, sikukiri..."

"Basi!" akanguruma Simba. "Jua likizama leo, wewe na watoto wako mwondoke Kiumbizi. Kisima hiki msikikaribie tena."

Hapo hakuna aliyecheka. Kisima cha pili kilikuwa mwendo wa siku nne, na kifaranga hawezi kwenda siku nne bila maji. Kila mnyama alilijua hilo, na Kanga alilijua kuliko wote. Aliwakusanya watoto chini ya mbawa akawahesabu. Alipofika kumi na moja akaanza tena upya, kana kwamba mmoja wao amekwisha kupotea.

Sungura hakuweza kuvumilia. Akapenya katikati ya miguu ya Twiga, akasimama mbele ya mfalme.

"Mtukufu, hiyo chumvi inatupwa lini?"

"Sasa hivi!" akasema Fisi, na tayari alikuwa amekumbatia mtungi.

"Kabla ya kutupwa, naomba nipewe viganja vitatu tu. Nikiirudisha safi kabla ya jua kuzama, tutajua kwamba haikustahili kutupwa, na habari ya Kanga tuizungumze upya."

"Na usipoirudisha?"

"Nitaondoka naye. Nitawabeba watoto watakaochoka."

Simba akacheka kwa dharau. "Wewe mdogo, kilichochanganyika hakiachani. Babu yangu alisema."

"Babu yako, Mtukufu, alikuwa na shughuli nyingi, hakupata nafasi ya kuangalia vizuri. Kuna kuchanganyika kwa ujirani na kuna kuchanganyika kwa ndoa. Mchanga na chumvi ni majirani. Wanakaa ua mmoja, lakini kila mmoja ana mlango wake. Kuwatenganisha majirani ni kujua tu nani mkubwa, nani mwepesi, nani mchokozi."

"Na wa ndoa?"

"Hao utawaona mchana. Ninyi kaeni tu."

Simba alikuwa na hamu ya kuona, ingawa hakutaka ijulikane. "Fanya," akasema. "Lakini hapa hapa, mbele ya baraza."

Sungura akapewa viganja vyake vitatu. Looh, mchafuko ulioje! Ndani yake mlikuwa na kokoto, makapi, majani makavu, mchanga mwekundu na chembe nyeupe nyeupe. Fisi hakuwa amefanya kazi kwa ustadi, alizoa tu na kumwaga.

"Kwanza wakubwa," akasema Sungura. Akaokota kokoto kwa mkono, moja moja, akazitupa.

"Hata mimi naweza!" akapiga kelele Fisi.

"Sasa wepesi." Nyani alikuwa na ungo. Aliupata wapi ungo wa binadamu, siku hiyo hakuna aliyeuliza. Sungura akapepeta: akarusha juu, akadaka, akarusha, akadaka, na Kanga akapiga mbawa kuongeza upepo. Makapi na majani makavu yakaruka yote yakaenda kumwangukia Fisi usoni. Fisi akapiga chafya mara saba. Vifaranga, ambao tangu asubuhi walikuwa wakilia, wakaanza kuzihesabu chafya kwa sauti.

"Sasa wenye miili tofauti." Akachukua kichungi cha nyasi akachekecha. Hapo mambo yakakwama. Kila kitu kilipita. Akachekecha tena, kikapita tena chote, chekundu na cheupe pamoja.

Fisi akacheka kile kicheko chake, mnakijua. "Chembe za chumvi na chembe za mchanga ni rika moja! Hakuna mkubwa, hakuna mwepesi! Kanga, anza kufunga mizigo!"

Nyani akajitolea kuchagua chembe nyeupe kwa kucha, moja moja. Jua lilipofika utosini alikuwa na chembe tisa, na ya kumi akailamba kwa kusahau.

Sungura akakuna sikio. "Tumemaliza mkubwa na mwepesi," akasema. "Amebaki mchokozi. Nahitaji maji. Kata moja."

Tembo akatikisa kichwa. "Mgao wa leo umekwisha. Wote wamekwisha kunywa, na mimi amri siivunji."

Si wote. Kanga alikuwa na desturi ya kuitunza kata yake hadi mchana, saa ambayo watoto huzimia kwa joto. Ilikuwa pale kivulini, imefunikwa kwa jani. Kanga akaitazama kata. Akawatazama watoto, na watoto nao walikuwa wakiitazama kata, midomo wazi.

"Sungura," akasema taratibu, "una hakika?"

"Simba sina hakika naye. Jua nina hakika nalo."

"Chukua basi. Chukua upesi kabla sijabadili nia."

Kifaranga mdogo kuliko wote akapiga yowe alipoona kata inaondoka, na Kanga akamfumba mdomo kwa bawa. Nami nakwambia, kulikuwa na wanyama wakubwa wenye pembe waliokuwa wakitazama chini kwa haya.

Sungura akamwaga ule mchanga na chumvi ndani ya maji, akakoroga kwa kijiti, akakoroga sana. Maji yakawa mekundu kama udongo. Alipoacha, mchanga ukashuka chini, na chembe nyeupe karibu zote hazikuonekana tena.

"Mwizi!" Fisi akaruka juu kwa furaha. "Mtukufu, chumvi imekwisha! Ameimaliza mbele ya macho yetu!"

Simba akachungulia. "Sungura, chumvi yangu iko wapi?"

"Imeolewa, Mtukufu."

"Imefanya nini?"

"Chumvi ni mchokozi. Ikimwona maji haitulii, inamfuata, inaingia kwake, inafunga mlango. Hiyo ndiyo ndoa niliyokwambia. Mchanga hataki, mchanga kakaa chini amenuna."

Mnana, yule ndege mdogo fundi wa kufuma, akaleta kiota chake cha zamani. Sungura akakitandika sufi ndani, akakishika juu ya kata nyingine, akaanza kumimina. Maji yakachuja tone, tone, tone. Tope likabaki katika kiota. Chini yakajikusanya maji meupe, safi, yanayoonyesha mpaka chini ya kata.

"Maji matupu!" akasema Fisi.

"Mtukufu," akasema Sungura, "unaona kitu chochote humu zaidi ya maji?"

Simba akatazama kwa jicho la kulia, akatazama kwa jicho la kushoto. "Sioni."

"Basi hayajachanganyika. Onja."

Simba akaona hakuna sababu ya kukataa. Akatia ulimi. Ndevu zake zikasimama, macho yakamtoka, akapiga mguu chini.

"Chumvi!" akanguruma. "Chumvi hii! Imo humu humu!"

"Imo, Mtukufu. Ndoa ndiyo ilivyo, huwaoni wawili, lakini wote wamo. Na sasa umeonja mchanganyiko, na dunia haijaanguka."

Mfalme alikuwa ameivunja amri ya babu yake kwa ulimi wake mwenyewe. Simba akatazama huku, akatazama huku, akakohoa.

"Mfalme," akasema, "ameonja kwa uchunguzi."

"Kwa uchunguzi," wakaitikia wote upesi, wakiuma midomo ili wasicheke. Twiga alilazimika kugeuza shingo yake yote na kucheka upande wa pili wa mti.

"Lakini mimi nataka chumvi, si maji," akasema Simba. "Na jua limeanza kuinama."

"Ndoa hii ina kadhi mmoja tu wa kuivunja," akasema Sungura, "na yuko juu pale." Akayamwaga maji yale juu ya jiwe jeusi, pana, lenye bonde dogo katikati. Lilikuwa na joto la kukaanga yai. Maji yakatandaa, yakaanza kutoa mvuke.

Wakangoja. Mwaka mzima walikuwa wamelilaani jua lile, sasa walikaa wakilibembeleza. Fisi akajisogeza, akajisogeza, mpaka kivuli chake kikalala juu ya jiwe.

"Mjomba Fisi, sogea," akasema Sungura. "Unamkinga kadhi."

"Nimechoka kusimama kule. Na mimi si mjomba wako!"

Tembo akamwinua kwa mkonga na kumweka mbali, kama unavyomwondoa paka jikoni.

Mara Nyani, aliyekuwa mtini, akapiga ukelele: "Wingu!"

Kweli, wingu. Dogo, la kwanza mwaka ule, lilikuwa likija taratibu moja kwa moja kuelekea jua. Wanyama ambao walikuwa wakiomba wingu asubuhi na jioni, wakifunga, wakilia, wakaruka wote kwa pamoja. "Nenda! Nenda zako! Njoo kesho!" Tembo alipuliza kwa mkonga. Nyumbu alitikisa pembe. Kanga na vifaranga wake walikimbia huku na huku wakipiga mbawa kulifukuza. Hata Simba alisahau enzi yake akalingurumia. Sijui wingu lilifikiri nini kuhusu watu wa Kiumbizi, lakini lilikatiza pembeni mwa jua, likaenda zake.

Jua lilipobaki kiasi cha mkono mmoja juu ya miamba, maji yalikuwa hayapo tena. Juu ya jiwe jeusi palikuwa na weupe mwembamba, unaometameta, mkavu. Simba akalamba pembeni, akafumba macho.

"Safi," akasema. "Safi kuliko ilivyotoka Magadi."

Shangwe zikalipuka. Lakini Fisi akajipenyeza mbele, akainua mguu. "Sawa, Sungura ni fundi, nampongeza. Lakini aliyetia mchanga bado ni Kanga! Hilo halijabadilika. Jua linazama, Mtukufu."

Shangwe zikakatika. Kanga akawavuta watoto karibu.

"Ni kweli, halijabadilika," akasema Sungura kwa upole. "Basi ngoja nisafishe nilipochafua ndipo tuagane." Akakichukua kile kiota kilichokuwa kivulini, akakikung'uta juu ya jani pana. Mchanga ukaanguka, umeoshwa, mwekundu. Na katikati ya mchanga, chembe kadhaa nyeupe.

"Ajabu," akasema Sungura. "Zilipokuwa pamoja na chumvi nilidhani nazo ni chumvi. Lakini chumvi yote imekwenda na maji. Hizi zimekataa kuolewa. Ni nini hizi?" Akazinusa. "Ni mifupa! Mifupa iliyotafunwa ikawa unga, na hapa kuna kipande kizuri kidogo, kina mafuta bado. Na sasa kimekolea chumvi."

Kutoka upande wa Fisi ikasikika sauti ya kumeza mate.

"Haya, ni taka tu," akasema Sungura, akiinua jani. "Nazitupa korongoni."

Fisi akakaza meno. Akafumba macho. Akageuka nyuma ili asione, lakini pua haigeuki, na pua ikamwambia kila kitu. Sungura akarudisha mkono nyuma, tayari kurusha.

"Usitupe!" Fisi akalia. "Usitupe, ni mfupa wangu! Ni paja la swala, nililitafuna juzi mlangoni kwangu nikaacha vipande vya kumalizia! Nipe!"

Sungura akaurusha, Fisi akaurukia, akaudaka hewani, akautafuna. Wote wakasikia ulivyolia katika meno yake. Kisha Fisi mwenyewe akayasikia aliyoyasema, akaacha kutafuna.

"Mlangoni kwako," akasema Simba polepole.

"Mtukufu, mimi..."

"Mchanga wa mlangoni kwako umefikaje katika chumvi yangu?"

Fisi akatazama juu, akatazama chini. "Upepo?" akasema.

Lakini walikuwa wamekwisha kutimka wote kwenda korongoni. Wakakuta shimo limejaa: mitungi ya mafuta, na mafuta yenyewe yameelea juu ya maji kama yalivyo, majirani wasioweza hata kusalimiana. Sungura akainamisha mitungi taratibu, mafuta yakamiminika peke yake, maji yakabaki chini. Mtama nao ulikuwapo, nusu umetandazwa mlangoni kwa Fisi, umezungukwa na manyoya ya kwale. Kwale waliobaki walisimama wakiyatazama yale manyoya.

Fisi hakufukuzwa. Simba alisema kumfukuza ni kumpumzisha. Alihukumiwa kuuchagua mtama wote kutoka kwenye mchanga wa mlangoni kwake, punje moja moja, bila ungo, bila upepo, bila msaada. Aliinama kuanzia siku ile, kichwa chini, mgongo umeteremka nyuma, akichunguza ardhi. Mpaka leo hajamaliza. Ukikutana naye akitembea vile, kichwa chini, usimwulize anatafuta nini, maana hukasirika.

Kanga, je? Simba alimletea kata yake mwenyewe ya maji, kata ya mfalme, watoto wakanywa mpaka matumbo yakawa magumu. Tembo naye, kwa furaha, akasahau amri zake zote akavuta mkonga mzima wa maji na kumrashia Kanga kutoka kichwani hadi mkiani. Kanga, akiwa amelowa chapachapa, akacheka, akalia, akarukia juu ya jiwe jeusi akacheza. Alicheza, akagaagaa, akasimama, akagaagaa tena. Aliposhuka, chembe za chumvi zilikuwa zimemganda kila unyoya, zinang'aa. Vifaranga wakaona vizuri, wakafuata. Mvua iliporudi madoa hayakutoka, na ukiniuliza kwa nini wakati chumvi huyeyuka, nitakwambia kamwulize Sungura, mimi siku ile nilikuwa nacheza.

Kabla baraza halijavunjika Simba alisimama juu ya mwamba, akapanga sharafa yake, yale manyoya ya shingoni, akatoa amri mpya kwa sauti ile ile kana kwamba nayo aliirithi kwa babu.

"Tangu leo Kiumbizi, kilichochanganyika kisitupwe kabla hakijachujwa. Na aliyesingiziwa asifukuzwe kabla maneno yake na ya mshitaki wake hayajachujwa vile vile, tuone kitakachobaki kwenye kiota ni cha nani."

Akamtazama Kanga, akataka kuongeza jambo, akashindwa. Wafalme neno "nisamehe" huwakwama kooni. Akateremka tu kutoka mwambani, akasimama mwisho wa foleni ya kulamba chumvi, nyuma ya kifaranga mdogo kuliko wote, akangoja zamu yake.

Hapo nafunga mfuko wangu. Chumvi nimewaachia ninyi, mchanga naondoka nao mimi.